RAGA YA WACHEZAJI SABA MASKULINI: UTARATIBU WA MASHINDANO NA WAJIBU WA WAALIMU NA WAZEE

Raga ya wachezaji saba ina sifa mbili zinazowavutia waalimu wa michezo. Kwanza, haihitaji watu wengi. Pili, mechi yake humalizika katika muda wa robo saa tu. Kwa sababu hiyo skuli nyingi huweza kukutanishwa katika viwanja vichache na kwa siku moja, na skuli ndogo yenye wanafunzi haba ikasimama mbele ya skuli kubwa bila ya unyonge.

Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili ambao wazee wengi hawajapata kuelezwa. Mtoto mmoja huingia uwanjani mara tano au sita kwa siku moja, katika mchezo wa kukabana kwa miili, na anapoumia kichwa uamuzi wa kumtoa huwa mikononi mwa mwalimu wake, mara nyingi katika dakika ambayo mwalimu huyo anatamani zaidi kombe. Maelezo yanayofuata yanakusudia kuwafahamisha waalimu, wazee na wanafunzi asili ya mchezo huu, namna mashindano yake yanavyoendeshwa, na mambo ambayo hayafai kupuuzwa kwa ajili ya ushindi.

ASILI YA MCHEZO

Raga ya wachezaji saba ilizaliwa katika mji mdogo wa Melrose, kusini mwa Scotland, mnamo tarehe 28 Aprili, 1883. Klabu ya mji huo ilikuwa na upungufu wa fedha, na mchezaji wake mmoja, Ned Haig, aliyekuwa akifanya kazi ya kuuza nyama buchani, alitoa rai ya kufanywa mashindano yatakayowaleta watazamaji wengi kwa kiingilio. Tatizo lilikuwa moja: raga ya kawaida huchezwa na watu kumi na tano kila upande na huchukua muda mrefu, hivyo haikuwezekana kukamilisha mechi kadhaa katika alasiri moja. Ufumbuzi ukawa ni kupunguza wachezaji hadi saba na kufupisha muda. Wanawake wa Melrose walitoa kombe, timu ya wenyeji ikakutana na jirani zao wa Gala katika fainali, na Melrose ikashinda.

Jambo lililoanzishwa kwa ajili ya kutunisha mfuko wa klabu moja lilienea ulimwenguni. Mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba yalifanyika mjini Edinburgh mwaka 1993, na kombe lenyewe likapewa jina la Melrose. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, mchezo huu uliingizwa kwa mara ya kwanza kwa wanaume na kwa wanawake. Dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Australia. Ile ya wanaume ilikwenda Fiji, nchi ya visiwa, iliyoishinda Uingereza kwa alama 43 kwa 7. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Fiji katika historia ya Olimpiki, na mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo ilitoa noti ya dola saba kuwa ni kumbukumbu ya ushindi huo. Ni dhahiri basi kwamba udogo wa nchi si kizuizi katika mchezo wa watu saba, kama ambavyo udogo wa skuli si kizuizi.

MASHINDANO YA SKULI

Miongoni mwa mashindano makongwe ya skuli ni yale yanayoandaliwa na klabu ya Rosslyn Park ya London. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1879, na mashindano yake ya skuli yalianza mwaka 1939. Kwa muda wa miaka mingi yamekuwa yakikutanisha maelfu ya wanafunzi, wavulana na wasichana, katika viwanja vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, mechi moja ikimalizika na nyingine ikianza. Baadhi ya wachezaji waliokuja kupata sifa duniani, kama vile Gareth Edwards wa Wales, walipita hapo wakiwa wanafunzi.

Linalostahiki kuigwa katika mashindano hayo ni namna yalivyozigawa skuli. Waandaaji walitambua kwamba skuli inayocheza raga kwa muhula mmoja tu haiwezi kupimwa kwa mizani moja na skuli inayocheza mihula miwili. Kwa hivyo waliweka mashindano mbalimbali ndani ya mkusanyiko mmoja, kila skuli ikakutana na wa kiasi chake. Mtoto hapati faida yoyote kwa kufungwa alama hamsini kwa bila, na aliyemfunga pia hajifunzi kitu.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Nchini Kenya raga ya wachezaji saba imo katika michezo ya skuli za sekondari, ambayo huanzia ngazi ya chini, ikapanda hadi kaunti, mkoa na taifa, na washindi huendelea kwenye michezo ya skuli za sekondari za Afrika Mashariki. Matunda yake yameonekana. Tarehe 17 Aprili, 2016 timu ya taifa ya Kenya iliifunga Fiji alama 30 kwa 7 katika fainali mjini Singapore na kutwaa kwa mara ya kwanza kombe la mojawapo ya mashindano ya mzunguko wa dunia. Mwaka huo huo Mkenya Collins Injera aliweka rikodi ya kufunga trai nyingi zaidi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya mzunguko huo, rikodi iliyovunjwa baadaye na mchezaji wa England.

KANUNI KWA UFUPI

Uwanja ni ule ule wa raga ya watu kumi na tano, yaani urefu usiozidi mita 100 baina ya mistari ya magoli, na upana usiozidi mita 70. Kwa kuwa uwanja haukupunguzwa ilhali watu wamepunguzwa zaidi ya nusu, nafasi ya kukimbia huwa kubwa sana, na mwenye mbio na pumzi humshinda mwenye kifua. Kila timu huwa na washambuliaji watatu wa mbele na wanne wa nyuma, pamoja na wachezaji watano wa akiba. Mechi ina vipindi viwili vya dakika saba, na mapumziko yasiyozidi dakika mbili.

Mpira hupigwa pasi kwa mkono kuelekea nyuma au pembeni, kamwe si mbele. Kwenda mbele ni kwa kukimbia nao au kuupiga kwa mguu. Mchezaji anayeuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani amefunga trai, ambayo ni alama 5. Baada ya trai timu hupewa mkwaju wa nyongeza wenye thamani ya alama 2, na katika raga ya saba mpira huo hudondoshwa chini kwanza kisha ukapigwa unapoinuka. Mkwaju wa adhabu unaopita baina ya nguzo ni alama 3. Timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha tena mchezo, kinyume na raga ya watu kumi na tano.

Anayeruhusiwa kukabwa ni mwenye mpira tu. Mkabaji analazimika kutumia mikono yake kumzunguka mwenzake, si kumgonga kwa bega. Ni marufuku kumkaba mtu juu ya mabega, shingoni au kichwani, na ni marufuku kumgusa aliyeruka hewani kudaka mpira. Nchini England, tangu msimu wa 2023/24, mchezo wa vilabu vya kawaida na wa skuli umewekewa mpaka wa chini zaidi, nao ni chini ya mfupa wa kifua. Anayekiuka kanuni hizi anaweza kupewa kadi ya njano, na adhabu yake ni kukaa nje dakika mbili. Katika mechi ya dakika kumi na nne, dakika mbili za kucheza sita kwa saba zinatosha kuipoteza mechi nzima. Mwalimu anayewafundisha watoto kukaba chini hulinda shingo za wapinzani na pia hulinda matokeo ya timu yake.

UTARATIBU WA SIKU YA MASHINDANO

Tuchukue mfano wa skuli kumi na sita. Skuli hizo hugawanywa katika makundi manne ya timu nne nne, na kila timu hucheza na wenzake watatu. Kila kundi lina mechi sita, hivyo makundi yote yana mechi 24. Timu mbili za juu za kila kundi huingia robo fainali ya Kombe, na mbili za chini huingia robo fainali ya Bakuli. Wanaofungwa katika robo fainali za Kombe hawarudi nyumbani, bali hugombea Sahani. Na wanaofungwa katika robo fainali za Bakuli hugombea Ngao. Kombe na Bakuli zina mechi saba kila moja. Sahani na Ngao zina mechi tatu kila moja. Jumla yote ni mechi 44.

Hekima ya mpango huu ni kwamba hakuna skuli inayocheza chini ya mechi tano. Timu iliyopoteza mechi zake zote za asubuhi bado ina kitu cha kugombea alasiri, na aghlabu mtoto hukumbuka Ngao aliyoipigania kwa jasho kuliko Kombe aliloliona likinyanyuliwa na wengine.

Ratiba ihesabiwe kwa uangalifu. Mechi moja pamoja na mapumziko, mikwaju na muda wa timu kutoka na kuingia, ipewe dakika ishirini. Mechi 44 katika uwanja mmoja zitachukua saa 14 na dakika 40, jambo lisilowezekana kwa siku moja. Kwa viwanja viwili muda huo unashuka hadi saa 7 na dakika 20. Wakianza saa mbili asubuhi, wakatenga saa moja kwa sala ya adhuhuri na chakula, na fainali zote nne zikachezwa moja baada ya moja katika uwanja mkuu ili watoto wote wazione, shughuli itamalizika saa kumi na moja jioni, na wanafunzi watafika makwao kabla ya giza. Ambapo uwanja ni mmoja tu, mashindano yagawanywe kwa siku mbili au tatu, au idadi ya skuli ipunguzwe. Kufupisha mapumziko ya wachezaji ili ratiba itoshe si ufumbuzi.

Jambo jingine linalohitaji kukaguliwa mapema ni umri. Katika mchezo wa kukabana, tofauti ya miaka mitatu baina ya vijana wawili ni tofauti ya uzito na nguvu. Skuli inayomwingiza kijana aliyepita umri haidhulumu kombe peke yake, bali inamhatarisha mtoto wa mwenzake. Vyeti vya kuzaliwa vikaguliwe kabla ya siku ya mashindano, si baada ya malalamiko.

HESABU YA DAKIKA ZA MTOTO

Wazee wengi wanaposikia kwamba mechi ni ya dakika kumi na nne hudhani kuwa ni mchezo mwepesi. Hesabu inaonyesha vyengine. Timu inayofika fainali ya Kombe hucheza mechi tatu za kundi, robo fainali, nusu fainali na fainali, yaani mechi sita. Mechi sita za dakika 14 ni dakika 84. Mechi kamili ya raga ya watu kumi na tano kwa vijana walio chini ya miaka 19 ni dakika 70. Mtoto huyo basi amecheza zaidi ya mechi moja kamili, katika uwanja wa ukubwa ule ule, akiwa na wenzake sita badala ya kumi na wanne wa kumsaidia, na chini ya jua la mchana kutwa.

Ndiyo maana wachezaji watano wa akiba wamewekwa. Hawakuwekwa wakae juu ya benchi. Mwalimu anayewachezesha saba wale wale katika mechi zote sita hufika fainali na vijana waliochoka, na kijana aliyechoka hukaba vibaya: huinamisha kichwa, hufumba macho, huweka shingo yake upande usiostahiki. Kuwazungusha wachezaji kumi na wawili tangu mechi ya kwanza ni kinga ya kwanza. Kinga ya pili ni maji na kivuli baina ya mechi na mechi. Ya tatu ni kinga ya meno kwa kila mchezaji. Ifahamike pia kwamba kofia laini ya kichwani inazuia michubuko tu. Haizuii mtikisiko wa ubongo, na mtoto asipewe ujasiri wa uongo kwa kuivaa.

MTIKISIKO WA UBONGO

Mwezi wa Januari 2011, katika mechi ya raga baina ya skuli huko Ireland ya Kaskazini, mwanafunzi wa miaka 14 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja. Alisimama kila mara na aliendelea kucheza. Mwisho alianguka na hakupona. Uchunguzi rasmi wa chanzo cha kifo, uliomalizika mwaka 2013, ulithibitisha kwamba alifariki kwa sababu ubongo uliokwishajeruhiwa ulipata pigo jingine kabla ya kupoa. Wazazi wake hawakukaa kimya. Baada ya jitihada zao na za wataalamu, Scotland, nchi ile ile iliyouzaa mchezo wa watu saba, ilitoa mwaka 2015 muongozo mmoja kwa michezo yote, na kiini chake ni maneno machache: ukiwa na shaka, mtoe. Mwaka 2023 Uingereza nzima ikawa na muongozo kama huo kwa michezo ya ngazi ya kawaida.

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba mtikisiko wa ubongo ni lazima mtu azimie. Sivyo. Aghlabu mgonjwa hapotezi fahamu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuona ukungu, kuyumba anapotembea, kukawia kujibu, kukasirika au kulia bila ya sababu, na kusahau. Mwalimu anaweza kuuliza masuala mepesi: Tupo uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga mara ya mwisho? Anayekosea jibu amekwisha kutoa jibu. Lakini anayejibu sawasawa asihesabiwe mzima kwa hilo pekee, iwapo dalili nyingine zipo.

Mchezaji anayeshukiwa atolewe papo hapo, na asirudi tena siku hiyo, si katika mechi ile wala katika mechi inayofuata. Hapa ndipo mashindano ya siku moja yanapokuwa na mtihani wake. Katika mchezo wa kawaida aliyeumia hana mechi nyingine hadi wiki ijayo. Hapa ana mechi nyingine baada ya saa moja, naye atasema amepona, na wenzake watasema anahitajika. Asiachwe peke yake katika saa 24 za mwanzo, na apumzike siku moja au mbili bila ya mazoezi. Kwa mujibu wa muongozo wa 2023, harudi kwenye mashindano kabla ya kupita siku 21 kamili, na kwa sharti kwamba siku 14 za mwisho kabla ya kurudi mazoezi ya kugongana hakuwa na dalili yoyote. Masomo yake yatangulizwe kabla ya mchezo: mtoto asiyeweza kusoma darasani bila ya kuumwa kichwa hayuko tayari kwa uwanja.

Iwapo mtoto anatapika mara kwa mara, analalamika maumivu ya shingo, anapatwa na degedege, anazidi kusinzia au mkono au mguu unakuwa dhaifu, afikishwe hospitali bila ya kuchelewa. Mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe na wenzake kwa pupa. Aachwe alivyo hadi afike mtu mwenye ujuzi.

WAJIBU WA KILA MHUSIKA

Kwa waandaaji, mashindano yasifunguliwe kabla ya kuhakikishwa kwamba yupo mtoa huduma ya kwanza uwanjani, ipo gari iliyotengwa kwa ajili ya majeruhi tu, na hospitali ya karibu imearifiwa. Mtu mmoja asiye mwalimu wa timu yoyote apewe daftari la majeruhi. Kila anayetolewa kwa kuumia kichwa aandikwe jina, na orodha hiyo iwafikie waamuzi wote kabla ya mechi inayofuata, ili asije akarudishwa uwanjani kwa jezi nyengine.

Kwa waalimu, ni wajibu kuwaambia wachezaji kabla ya mechi ya kwanza, si katikati ya fainali, kwamba atakayeumia kichwa atatoka, awe nahodha au wa akiba. Jambo lililotangazwa asubuhi halileti ugomvi jioni.

Kwa wazee, ni haki yao kuuliza ni nani atakayemwangalia mtoto wao, na ni wajibu wao kueleza ukweli iwapo mtoto aliumia kichwa hivi karibuni, hata kama aliumia nyumbani au katika mchezo mwengine. Mzee anayepiga kelele pembeni mwa uwanja akitaka mtoto wake arudishwe anafanya kazi ya adui.

Kwa wanafunzi, anayemwona mwenzake ameduwaa baada ya kugongwa na akamficha ili timu isipungue, hakumsaidia. Kusema si usaliti.

Itafika fainali ambayo mwalimu atakuwa na mchezaji mmoja hodari aliyeibeba timu tangu asubuhi, na katika kipindi cha pili, matokeo yakiwa sawa, kijana huyo atainuka kutoka chini akielekea goli lisilo lake. Uwanja mzima utataka abaki. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kombe likikosekana mwaka huu lipo la mwakani, na mtoto aliyetolewa kwa wakati anaweza kuwepo kuligombea. Mzee alimtoa mwanawe nyumbani asubuhi akiwa mzima na akamkabidhi kwa mwalimu. Hiyo ni amana, na amana hurejeshwa kama ilivyopokewa.